Kufungua duka ng'ambo ya mpaka: sheria itangulie kontena

Tarehe 28 Julai 2025, waziri wa viwanda na biashara wa Tanzania alitia sahihi amri inayokataza watu wasio raia kufanya biashara za aina 15. Ndani ya orodha ile kuna kuuza bidhaa kwa jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa ya supermarket. Kuna kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni za nywele, uchimbaji mdogo wa madini, kununua mazao shambani, viwanda vidogo, udalali wa nyumba na biashara, na hata kazi ya kutoa mizigo bandarini. Asiye raia anayekamatwa analipa faini isiyopungua milioni 10 za shilingi, au anafungwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Juu ya hayo, viza na kibali chake cha kukaa vinafutwa.

Nairobi ililalamika mara moja. Wakubwa wa Kenya walisema amri hiyo inavunja maagano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Upande wa Kongo sauti haikusikika sana, na hali Wakongo wa Dar es Salaam na Kigoma wako katikati ya kazi hizo. Wako wanaopokea makontena ya ndugu zao wa Bukavu, Uvira, Kalemie na Lubumbashi, wanaowatafutia wateja nyumba na bidhaa kule Kariakoo, wanaosuka na kukata nywele, wanaotengeneza simu. Kwa wengi wao amri ile haikuwa habari ya redio tu, iligusa kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Yafaa jambo hilo liwe fundisho kwa mashariki nzima ya Kongo. Tangu Goma ilipochukuliwa mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, banki zikafunga milango na mali nyingi zikatafuta njia ya kutoka. Wachuruzi waliokuwa na depo Goma wakafungua Kampala. Wengine wakaenda Bujumbura, Dar es Salaam, Nairobi, Lusaka. Wachache walienda kwa mpango, wengi walienda kwa kukimbia. Na mtu anayekimbia haulizi sheria ya mahali anapofika. Anauliza chumba ni pesa ngapi na jirani yake ni nani.

Haraka hiyo inaeleweka, lakini bei yake ni kubwa. Mtaji ulioponea vita unaweza kupotea kwa karatasi moja isiyokuwepo.

Kuingia si kufanya kazi

Kosa la kwanza ni kuchanganya ruhusa ya kuvuka mpaka na ruhusa ya kufanya biashara. Kongo ilitia sahihi mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022 kule Nairobi, ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai mwaka ule. Toka siku ile, watu wengi wa mashariki wanaamini kwamba Kampala, Dar es Salaam au Kigali ni kama kwao: unapita na kitambulisho chako, unafungua, unauza.

Mambo hayaendi hivyo. Ni kweli kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inaongea juu ya uhuru wa bidhaa, watu, wafanyakazi, huduma na mitaji, pamoja na haki ya kwenda kujiimarisha katika inchi nyingine ya Jumuiya. Lakini kila inchi iliambatanisha orodha ya ahadi zake: mlango upi inafungua, upi inaufungua nusu, na upi inauacha umefungwa. Mchuruzi anayesoma jina la itifaki bila kusoma orodha ile amesoma jalada la kitabu tu.

Muhuri wa kuingia unampa mtu siku za kukaa. Haumpi kazi. Tanzania inatoa kibali cha kukaa cha daraja A kwa mtu anayejifanyia biashara yake mwenyewe, na cha daraja B kwa aliyeajiriwa. Uganda, Burundi na Zambia nazo zina vibali vyao. Mtu anayesimama nyuma ya meza ya duka kwa viza ya matembezi anavunja sheria hata kama bidhaa zake zimelipiwa duane mpaka senti ya mwisho. Siku ya msako, karatasi ya duane haitamwokoa na watu wa uhamiaji.

Kwa mwanamke anayevusha unga au samaki kidogo kidogo kati ya Kasindi na Mpondwe, hali ni nyingine. Yeye hafungui kampuni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2 000, kwa bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa. COMESA nayo ina utaratibu wake kwa wachuruzi wadogo. Utaratibu huo unasaidia kupitisha mzigo. Lakini siku mama huyo anapokodi chumba Bwera na kuweka kijana wa kumuuzia, amehama kutoka sheria ya mpaka na kuingia katika sheria ya biashara ya Uganda. Mara nyingi hakuna mtu anayemweleza kwamba amevuka mpaka wa pili.

RCCM haisafiri kuelekea mashariki

Kosa la pili linatokana na kiburi cha halali. Mfanyabiashara amefanya kila kitu vizuri kwao: ana kampuni, ana namba ya RCCM, ana kitambulisho cha taifa, ana namba ya kodi ya DGI. Anaamini karatasi hizo zinajulikana kila mahali.

Zinajulikana, lakini upande mmoja. Kongo iliingia OHADA tarehe 12 Septemba 2012. OHADA ni inchi 17 zenye sheria moja ya makampuni, na korti yao ya juu iko Abidjan. Mtu wa Kisangani akifungua Brazzaville au Bangui atakutana na SARL ileile, maneno yaleyale, vitabu vya hesabu vya namna moja. Lakini Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Kenya na Zambia haziko ndani ya OHADA. Wakaaji wa mashariki wanafanya biashara na majirani wasiotumia sheria ya biashara ya inchi yao. Ni neno rahisi kulisema, lakini limewaponza wengi.

Huko kila inchi ina ofisi yake. Uganda ni URSB, Tanzania Bara ni BRELA, Rwanda ni RDB, Zambia ni PACRA. Mfanyabiashara ana njia mbili. Ya kwanza ni kuandikisha tawi la kampuni yake ya Kongo: sheria ya Uganda, kwa mfano, inataka kampuni ya kigeni ilete karatasi zake ndani ya siku 30 toka ilipofungua mahali pa kazi. Njia ya pili ni kuunda kampuni mpya kabisa chini ya sheria ya pale.

Tofauti ya njia hizo mbili si ya jina tu. Tawi na kampuni mama ni mtu mmoja mbele ya sheria. Tawi la Kampala likidaiwa, mdai anaweza kuifuata kampuni mama hadi Butembo. Kampuni mpya ina mwili wake, madeni yake yanabaki kwake, isipokuwa mwenye nayo awe ameweka nyumba yake rehani au amechanganya mfuko wa kampuni na mfuko wa jikoni. Kwa mtu mwenye mali Butembo anayetaka kujaribu soko la Kampala, kampuni mpya mara nyingi inalinda zaidi. Kwa mtu anayetaka kuuza kwa jina ambalo wateja wanalijua tayari, tawi linaweza kufaa. Hilo ni swali la kumuuliza avoka kabla ya kukodi chumba, kwa sababu kugeuza njia baadaye kunagharimu mara mbili.

Na karatasi zenyewe zinahitaji safari yake. Hati za kampuni za Kongo zimeandikwa kwa Kifaransa. Ofisi za Kampala, Lusaka na Dar es Salaam zinataka tafsiri iliyothibitishwa, na mara nyingi zinataka sahihi ya notere ihalalishwe na Wizara ya Mambo ya Kigeni na ubalozi. Hilo linachukua wiki. Anayeanza kulitafuta kontena likiwa tayari bandarini atalipa siku za bandari huku akisubiri muhuri.

Kuazima jina: shimo lenye majani juu yake

Kosa la tatu ndilo baya kupita yote, na ndilo linalozungumziwa kidogo. Sheria ikimfungia mlango, mfanyabiashara anatafuta mwenyeji. Mwenyeji anaandikisha duka kwa jina lake, leseni inatoka kwa jina lake, mkataba wa nyumba ni wake, hesabu ya banki ni yake. Mkongo analeta pesa. Wanapeana mikono, wakati mwingine wanaandika barua mbele ya mashahidi wawili. Kwa Kifaransa wanaita prête-nom. Kwa Kiswahili cha sokoni ni kuazima jina.

Mwaka wa kwanza ni wa amani. Wa pili, duka limejaa. Kisha mwenyeji anaoa, au anakufa, au anakosana na mwenzake, au anatambua tu kwamba karatasi zote zinasema yeye ndiye mwenye mali. Mkongo anakwenda tribinali na ile barua ya mashahidi wawili. Pale ndipo anapojifunza jambo ambalo avoka angemwambia kwa saa moja: majaji hawapendi kumsaidia mtu adai haki inayotokana na mpango uliofanywa ili kukwepa sheria. Barua yake haimtetei, inamshitaki. Inathibitisha kwa sahihi yake mwenyewe kwamba alijua amekatazwa na akafanya.

Amri ya Tanzania ya Julai 2025 iliongeza uzito. Haimwadhibu mgeni peke yake. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa naye anaweza kulipa faini ya milioni 5 za shilingi au kufungwa miezi 3. Maana yake, rafiki aliyeazima jina kwa wema sasa ana sababu ya kuogopa, na mtu mwenye kuogopa anaweza kumkana mwenzake mbele ya polisi ili ajiokoe. Urafiki uliojengwa miaka 10 unaweza kuvunjwa na karatasi ya kurasa chache.

Watu watasema: basi mtu afanye nini, ikiwa sheria imefunga? Kuna njia za halali, ingawa ni ndefu. Amri ile imeruhusu wenye leseni waendelee mpaka leseni iishe, kwa hiyo aliye nayo ana muda wa kupanga upya. Haijafunga viwanda vikubwa, supermarket, wala uwekezaji unaopita kwenye mamlaka ya uwekezaji. Mchuruzi wa rejareja anaweza kuwa msambazaji anayebaki Kongo na kuuza kwa mkataba kwa kampuni ya Kitanzania iliyo huru, kila mmoja na mali yake na hatari yake. Anaweza kushirikiana na wengine 5 au 6 wa mji wake, waweke mitaji pamoja na kufikia kiwango kinachokubaliwa. Na pale ambapo mlango umefungwa kweli, uamuzi wa busara ni kupeleka mtaji mahali pengine. Soko moja likikataa, mengine yapo.

Dola, nyumba na risiti

Mkongo amezoea dola. Anapangisha kwa dola, ananunua pikipiki kwa dola, analipa karo kwa dola, na franka inabaki kwa nyanya na usafiri. Akifika Dar es Salaam anafanya hivyohivyo. Lakini toka Machi 2025, kanuni za Tanzania zinakataza kutaja bei na kulipana kwa pesa za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Mkataba wa nyumba ulioandikwa kwa dola kati ya watu wawili walio pale unaweza kuwaletea wote wawili kesi. Na mtu anayebeba mtaji mkononi akumbuke kwamba Kongo yenyewe ina kipimo cha dola 10 000 katika kanuni zake za kubadilisha na kusafirisha pesa. Kupita na begi lenye zaidi ya hapo kimyakimya ni kuwapa watu wa mpaka sababu ya kuchukua zote.

Ardhi ni jambo lingine linalodanganya macho. Mtu anauziwa kiwanja Kampala, anapewa karatasi, anajenga. Katiba ya Uganda haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi moja kwa moja, anaweza tu kukodi kwa muda, na sheria inaweka mwisho wa miaka 99. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliokubaliwa. Anayeambiwa «hiki kiwanja ni chako milele» anauziwa maneno. Wakongo wasishangae: kwao pia ardhi ni ya serkali, na konsesyo ya milele inatolewa kwa raia wa Kongo tu. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inampa mgeni konsesyo ya muda, miaka 25 inayoweza kuongezwa.

Kodi nayo ina lugha yake. TVA ya Kongo ni asilimia 16. Uganda, Tanzania na Rwanda zinatoza 18, Zambia 16. Kule Kampala risiti inapitia mfumo wa EFRIS wa URA. Dar es Salaam ni mashine ya EFD. Kigali ni EBM. Mfanyabiashara aliyezoea daftari na karatasi ya kaboni anakuta kwamba kila shati analouza linaonekana ofisini kwa watoza kodi siku ileile. Akiajiri watu Uganda, sherti alipe NSSF: asilimia 10 kutoka mfuko wake na 5 kutoka mshahara wa mfanyakazi. Na asisahau kuuliza swali la kodi mara mbili. Mikataba ya Kongo ya kuzuia faida isitozwe kodi huku na huku ni michache. Inayojulikana zaidi ni ile na Ubelgiji na Afrika Kusini. Hakuna anayepaswa kudhani kwamba alicholipa Kampala kitakubaliwa Kinshasa bila mazungumzo.

Waswahili walisema zamani: mali bila daftari huisha bila habari. Leo daftari hilo liko ndani ya mashine ya serkali, na habari inafika hata kama mwenye mali hataki.

Jina la kahawa na mahali pa kugombana

Kuna mali nyingine isiyoonekana kwa macho: jina. Kahawa ya Idjwi, ya Minova au ya Beni ikipata wateja, jina lake linakuwa na thamani kuliko magunia yenyewe. Lakini alama ya biashara iliyoandikishwa Kinshasa inalindwa ndani ya Kongo. Kongo haimo katika OAPI ya inchi za Kifaransa wala ARIPO ya inchi za Kiingereza. Mtu anayeuza kahawa yake Kampala kwa jina zuri bila kuliandikisha kule anaweza kuamka siku moja akute mwingine ameliandikisha mbele yake. Siku hiyo yeye mwenye kahawa ndiye atakayeitwa mwizi wa jina. Kuandikisha alama kunagharimu kiasi kidogo kulinganisha na kugombana juu yake.

Na wakigombana, wagombanie wapi? Mikataba mingi ya wachuruzi wa mashariki haisemi neno juu ya hilo, kwa sababu mikataba yenyewe ni ujumbe wa WhatsApp. Ujumbe ule unaweza kusaidia kama ushahidi, lakini haujibu maswali matatu: sheria ya inchi ipi itatumika, nani atahukumu, na hukumu itatekelezwa wapi. Hukumu ya tribinali ya biashara ya Kongo haimchukui mdaiwa wa Kampala hapohapo. Sherti kwanza majaji wa kule waikubali, na hiyo ni kesi nyingine, avoka mwingine, miaka mingine.

Dawa ipo, na haitumiwi vya kutosha. Kongo ni mwanachama wa Mkataba wa New York wa 1958 juu ya usuluhishi, na Uganda, Tanzania, Kenya, Rwanda, Burundi na Zambia nazo ni wanachama. Kifungu kimoja ndani ya mkataba, kinachosema kwamba mabishano yatakatwa na msuluhishi katika mji fulani, kwa lugha fulani, kinafanya uamuzi wake uwe na njia iliyo wazi ya kutekelezwa katika inchi hizo zote. Ni mistari mitano. Inaweza kuokoa kontena 5.

Iko pia Korti ya Afrika Mashariki huko Arusha. Mkaaji wa inchi mwanachama, mtu au kampuni, anaweza kupeleka huko sheria au amri ya serkali yoyote ya Jumuiya anayoona inavunja Mkataba. Lakini kifungu cha 30 kimeweka muda: miezi 2 toka amri itoke, au toka mlalamikaji alipoijua. Chama cha wafanyabiashara kinachokutana mara moja kwa mwaka, kikala chakula na kupiga picha, hakiwezi kukamata muda kama huo. Anayekwenda kulia redioni mwezi wa sita amekwisha kuchelewa toka mwezi wa tatu.

Kinshasa isijifanye mgeni

Ni rahisi kumlaumu mchuruzi, na sehemu ya lawama ni yake. Lakini serkali ina sehemu yake pia, na ni kubwa.

Kongo haiwezi kuinuka Nairobi au Arusha na kulia kwamba Tanzania imewafungia wageni rejareja bila kujitazama kwenye kioo. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Januari 1973 juu ya biashara iliweka biashara ndogo mikononi mwa Wakongo. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sous-traitance inazipa kazi hizo kampuni zenye mtaji ulio wengi mikononi mwa Wakongo. Kila inchi inalinda meza ya mtoto wake, na hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kuingia Jumuiya bila kukaa chini na majirani kuandika wazi: meza hii ni ya wenyeji, ile inafunguliwa kwa wote, na wale waliokwisha kukaa wanapewa muda huu wa kujipanga. Mazungumzo kama hayo yanahitaji wajumbe wanaojua Kariakoo na Mpondwe, si wale wanaojua hoteli za mikutano tu.

Pili, habari. Mkataba wa Jumuiya, orodha za ahadi, amri za majirani: vingi viko kwa Kiingereza, vingine kwa Kifaransa. Mama wa Kasindi na kijana wa Kalemie wanasoma Kiswahili, nacho Kiswahili ni mojawapo ya lugha za taifa za Kongo. Balozi za Kongo katika Kampala, Dar es Salaam, Bujumbura na Lusaka zingeweza kutoa karatasi ya kurasa 4 kila mwaka: kazi zilizofungwa, vibali na bei zake, ofisi za kupitia. Hakuna mradi wa mamilioni unaohitajika hapo. Kinachohitajika ni mtu mmoja mwenye kazi hiyo na tarehe ya kuimaliza.

Tatu, FEC na vyama vya wafanyabiashara wadogo. Wanachama wanalipa michango. Wana haki ya kudai avoka wa pamoja mmoja kwa kila soko kubwa la nje, ili mtu anayeondoka Bunia au Uvira apate saa moja ya maelezo kabla ya kupakia. Wachuruzi 100 wakichangia kidogo kidogo watalipa avoka huyo kwa urahisi. Kila mmoja akienda peke yake, atamlipa wakati polisi wako mlangoni, na bei ya saa ile ni nyingine.

Kuna anayesema kwamba katika hali ya vita, kuongea juu ya vibali na alama za biashara ni kupaka rangi nyumba inayoungua. Kinyume chake ni kweli. Mtu mwenye amani kwao anaweza kupoteza duka moja nje akarudi kuanza tena. Mtu wa Goma au Bukavu aliyeondoka na kila alicho nacho hana mahali pa kurudi kuanza. Mtaji wake ndio shamba lake, nyumba yake na karo ya watoto wake kwa pamoja. Yeye kuliko mwingine yeyote hawezi kuuweka juu ya jina la kuazima.

Kwa hiyo, kabla kontena halijapakiwa, maswali haya yapate majibu ya maandishi. Je, kazi hii inaruhusiwa kwa asiye raia? Ni kibali kipi cha kukaa kinaendana nayo? Duka litakuwa la nani mbele ya sheria? Mkataba wa nyumba uko kwa pesa gani? Kodi italipwa wapi na kwa mashine ipi? Jina la bidhaa limeandikishwa? Na wakikosana, nani atakata maneno?

Anayeweza kujibu maswali hayo saba anaweza kwenda. Anayeshindwa hata moja abaki kwanza, atafute jibu. Mzigo unaosubiri wiki tatu Kasindi au Kalemie unagharimu depo. Mzigo uliouzwa kwa jina la mtu mwingine unaweza kumgharimu mwenye nao kila alicho nacho.